Marehemu Benedicto Kiwanuka na Amri ya Jaji

Mtu afikaye Kilambo akitaka kuuvuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji hana budi kuyangoja maji. Yakipwa, mchanga huchomoza katikati ya mto na safari huwa shida. Yakijaa, watu huvuka. Katika kungoja huko msafiri hupata wasaa wa kuitazama Serikali kwa karibu, pengine kuliko mtu akaaye mjini. Huyu hapa ofisa wa Uhamiaji na mhuri wake. Yule mtu wa forodha na mizigo ya watu. Kando yao polisi. Na tangu Oktoba 2020, wauaji waliotoka ng'ambo walipokivamia kijiji cha Kitaya, askari wa Jeshi nao hawawi mbali, nasi twashukuru kwamba wapo. Mmoja tu hamwoni pale kivukoni, naye ni hakimu. Hakimu hana bunduki, na kazi yake yote huifanya kwa kalamu. Walakini polisi akimkamata msafiri yule, sheria yetu yamtaka amfikishe mbele ya huyo asiyeonekana, na kwa kawaida saa 24 zisipite.

Wasomaji wetu wa kusini wametuuliza mara nyingi, hasa nyakati ambazo habari za Katiba huzungumzwa sana, kwamba ikiwa Serikali ni moja na yatoka kwa wananchi, kwa nini madaraka yake yagawanywe. Na tena, yule asiye na jeshi atamzuiaje aliye nalo? Swali la kwanza ni jepesi. Mwaka 1748 Mfaransa aitwaye Montesquieu, aliyepata kuwa jaji katika mji wa Bordeaux, alitoa kitabu ambamo alionyesha kuwa mtu mmoja akitunga sheria, akaitekeleza, kisha akawahukumu watu kwa sheria ile ile, raia hana pa kukimbilia. Wazee wa Mikindani hawakuhitaji kitabu ili kulijua jambo hilo. Bwana Shauri wa siku za wakoloni alikuwa mtawala wa wilaya na hakimu wake pia. Aliyegombana na amri yake asubuhi aliweza kusimama mbele yake mchana kuhukumiwa. Ndiyo maana Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 4, yavitaja mbalimbali vyombo vya utendaji, vyombo vya kutoa haki na vyombo vya kutunga sheria.

Swali la pili ndilo gumu, wala hatutaki kulijibu kwa maneno ya vitabuni. Toka Kilambo, mlango wa kusini, uipite nchi yetu yote mpaka Mutukula, mlango wa kaskazini-magharibi, utaikuta Uganda. Na huko aliishi mtu ambaye katika umri wa miaka 50 aliongoza Serikali, akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria, akawekwa kizuizini bila hukumu, na mwisho akawa mkuu wa majaji. Hatujui mwingine katika Afrika Mashariki aliyeyaonja madaraka ya nchi yake kutoka pande zote namna hiyo. Jina lake Benedicto Kiwanuka.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 katika nchi ya Buddu, upande wa Masaka, katika ukoo wa Wakatoliki, akasomeshwa na wamisheni. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi la King's African Rifles, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu, akatumikia Kenya, Misri na Palestina. Aliporudi alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu. Kazi ya mkalimani ni ya kuwa mdomo wa watu wengine. Mshitakiwa husema kwa lugha yake, mkalimani huyapeleka maneno kwa jaji Mwingereza. Jaji hutoa hukumu, mkalimani humrudishia mshitakiwa habari ya miaka atakayokaa gerezani. Kijana aliyefanya kazi hiyo, kama ana akili, hawezi kukosa kujiuliza kwa nini yeye asiketi pale juu. Kiwanuka alikuwa nayo akili, na ukaidi pia. Mwaka 1950 alikwenda Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, kusoma katika chuo cha Kikatoliki cha Roma, na kutoka huko akaenda London kusomea sheria. Mwaka 1956 alikubaliwa kuwa wakili akarudi Kampala kufungua ofisi yake.

Hakukaa sana na mafaili. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa Rais wa Democratic Party, chama kilichoundwa mwaka 1954, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki waliochoka kuona vyeo vikubwa vya Buganda vikienda kwa Waprotestanti. Hapa ndipo ugomvi wake na Mengo, makao ya Kabaka, ulipoanzia. Kiwanuka alikuwa Mganda, lakini alishikilia kwamba Uganda ni nchi moja, na kwamba wabunge wa Buganda wachaguliwe na wananchi wenyewe kama wa kwingineko. Mbele ya wakubwa wa Mengo huo ulikuwa ufidhuli: mtu asiye wa ukoo mkubwa kutaka kukaa juu ya Kabaka!

Uchaguzi wa Machi 1961 ulimpa ushindi wa ajabu. Mengo iliwakataza watu wake kujiandikisha, na Waganda walio wengi wakatii. Wachache waliokaidi walikuwa wafuasi wa Kiwanuka. Basi kwa kura chache mno chama chake kikachukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda, kikapata wingi katika Baraza zima, ingawa chama cha Uganda People's Congress cha Bwana Milton Obote kilikuwa kimepata kura nyingi zaidi nchini. Sheria ilikuwa upande wake, naye akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopewa madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

Alikaa juu ya kiti hicho miezi isiyotimia miwili. Katika mkutano wa Katiba uliofanyika London mwishoni mwa 1961 ilikubaliwa, juu ya upinzani wake, kwamba wabunge wa Buganda waweze kuteuliwa na Lukiiko, yaani Baraza la Kabaka, badala ya kupigiwa kura na raia. Obote na watu wa Mengo, ambao kwa tabia hawakufanana hata kidogo, wakafunga mkataba. Aprili 1962 Lukiiko ikapeleka Bungeni watu wa chama cha Kabaka Yekka, UPC ikashinda kwingineko, na Kiwanuka akakosa Serikali na hata kiti cha Bunge. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ilipandishwa mbele ya Waziri Mkuu mwingine. Mtu huyu aliondolewa kwa kifungu kimoja cha Katiba ambacho wananchi walio wengi hawakukisoma. Tena hakwenda msituni kwa sababu hiyo. Alirudi kwenye uwakili na kwenye uongozi wa chama, akiwa nje ya Bunge, huku wabunge wake wakihama mmoja mmoja kwenda upande wenye magari. Hata kiongozi wa Upinzani Bungeni, Bwana Basil Bataringaya, alihama mwaka 1964.

Katiba ya Uhuru ya Uganda ilikuwa imejengwa kwa mizani nyingi, kila chombo kikishikiliwa na kingine: Kabaka Mutesa akawa Rais wa nchi tangu 1963, Obote Waziri Mkuu, Buganda na shirikisho lake, Mahakama Kuu, na juu yake Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ambayo hata sisi tulikuwa wenyewe. Mizani hiyo ilianguka katika mwezi mmoja. Februari 1966 Bunge lilitaka uchunguzi juu ya dhahabu ya Kongo, ambayo Obote mwenyewe na ofisa mmoja wa jeshi aitwaye Idi Amin walitajwa ndani yake. Tarehe 22 mwezi ule Waziri Mkuu aliwakamata Mawaziri wake watano wakiwa katika mkutano wa Baraza la Mawaziri, kisha akaisimamisha Katiba. Aprili wabunge waliambiwa waipitishe katiba mpya ambayo nakala zake wangezikuta baadaye katika visanduku vyao vya barua. Mei jeshi likaipiga kasri ya Kabaka, naye akakimbilia Uingereza. Mwaka 1967 ikaja katiba nyingine iliyomlimbikizia Rais karibu kila kitu.

Na majaji je? Hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo lilipo jibu la nusu ya swali letu. Wale Mawaziri watano walikwenda mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikaona kuwa sheria iliyotumika kuwafukuzia mbali haikupatana na haki zilizoandikwa katika Katiba. Serikali ikawaachia, ikawakamata papo hapo kwa sheria nyingine. Ikaja kesi ya chifu mmoja wa Buganda, Michael Matovu, aliyekuwa kizuizini, ambaye mawakili wake waliuliza kama katiba ya 1966 ilikuwa halali hata kidogo. Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnaijeria, iliamua mwaka 1967 kwamba mapinduzi yaliyofaulu na kutiiwa huzaa sheria mpya, na majaji hawana budi kuifuata. Majaji walijiokoa. Hatutaki kuwalaumu upesi tukiwa tumeketi kivulini; lakini somo lililotoka katika hukumu ile lilisikika vizuri kambini, kwamba mwenye nguvu akishinda, mahakama itamtafutia cheti.

Desemba 1969 Obote alipigwa risasi akajeruhiwa. Vyama vya upinzani vikafungwa, Kiwanuka akatiwa kizuizini. Mwaka mzima na zaidi alikaa humo bila hukumu ya jaji yeyote, yeye aliyekuwa Waziri Mkuu na wakili. Nasi tuliosimama upande huu wa mpaka tusiitazame Uganda kwa kiburi. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, nayo ilisema kuwa amri ya kizuizi haiulizwi mahakamani. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984 tu, na mahakama zilianza kuzisimamia mwaka 1988.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin akaupindua utawala wa Obote, na siku chache baadaye akawafungua wafungwa wa siasa 55, Kiwanuka mmoja wao. Watu walishangilia katika barabara za Kampala. Serikali yetu ilikataa kumtambua Amin, Mwalimu Nyerere akampa Obote hifadhi, na kwa miaka mingi sisi waandishi wa magazeti tumependa kusema kwamba tuliona mbali. Kiwanuka hakuona hivyo. Tarehe 27 Juni 1971 alikubali kuteuliwa na Amin kuwa Jaji Mkuu, Mwananchi wa Uganda wa kwanza kukishika cheo hicho.

Je, alikosea? Wapo wasemao kwamba aliyekubali cheo kutoka kwa askari aliyenyakua nchi alikwisha kuuza haki ya kulalamika. Twaona hoja hiyo ina uzito. Amin alikuwa amelifuta Bunge na kuchukua kwa amri moja uwezo wote wa kutunga sheria. Aliongoza nchi kwa matangazo, na mojawapo liliwapa askari uwezo wa kukamata watu. Alimtaka Kiwanuka kwa sababu jina lake lingewavuta Waganda na Wakatoliki. Lakini tazama pia upande wa pili. Mihimili miwili ilikuwa imekwisha kuwa mkono wa mtu mmoja. Uliobaki ulikuwa mmoja. Mtu aliyepata kuwa mkalimani katika jengo lile, aliyetoka kizuizini miezi mitano tu iliyopita, huenda aliona kwamba bora aketi humo mtu ajuaye kizuizi ni nini kuliko asiyejua. Tuwaachie wasomaji wapime.

Alama za hatari hazikuchelewa. Wamarekani wawili walikuwa wametoweka Mbarara mwaka 1971 wakifuatilia habari za mauaji katika kambi ya jeshi. Jaji aliyepewa kuchunguza jambo hilo, Jeffreys Jones, alizuiwa na askari kila alipogusa, na ripoti yake ya kuwalaumu maofisa aliipeleka akiwa amekwisha kukimbilia Kenya. Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia katika siku 90. Nchi ilikuwa katika hofu, na askari walikuwa wakikamata watu ovyo. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo mfanyabiashara mmoja Mwingereza.

Mawakili wake walileta ombi lile la kale la sheria za Kiingereza, kwamba anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na kueleza kwa sheria gani amemshika. Ombi likaja kwa Jaji Mkuu mwenyewe. Angeweza kuliahirisha, angeweza kutafuta neno dogo la utaratibu, kama wafanyavyo majaji wenye haja ya kulala usingizi. Hakufanya hivyo. Aliamua kwamba askari hawakuwa na uwezo halali wa kumshika mtu yule, akaamuru aachiwe. Na mtu akaachiwa. Kesi yenyewe ilikuwa ndogo: mtu mmoja, tena mgeni wa rangi iliyokuwa ikichukiwa siku zile, wala hapakuwa na umati nje ya mahakama wa kumpigia Jaji makofi. Lakini kwa siku chache jibu la swali la Kilambo lilikuwa wazi kabisa, kwamba karatasi iliyotiwa sahihi na mtu asiye na silaha ilifungua mlango uliolindwa na wenye silaha.

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliokuwa Tanzania wakavuka mpaka wenye silaha, Mutukula ikiwa njia yao mojawapo, wakashindwa vibaya. Yafaa tuseme bila kuficha: safari ile ilitoka kwetu, haikuandaliwa vizuri, na waliolipa ni watu waliokuwa ndani ya Uganda. Amin aliwageukia wote aliowashuku. Siku nne baadaye, tarehe 21 Septemba, asubuhi, watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu ya Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu ofisini mwake, wakamvua viatu, wakamtia pingu na kumpeleka motokaa. Makarani, mawakili na watu waliofuata kesi zao waliona. Hapana hata mmoja katika jengo lile lote la sheria aliyekuwa na uwezo wa kuwauliza hati yao ya kukamatia. Na kama angekuwapo, hiyo amri ya kumleta mshikwa mbele ya jaji angeiomba kwa nani, ikiwa jaji ndiye aliyeshikwa?

Inaaminiwa kwamba aliuawa siku zile zile katika gereza la kijeshi la Makindye. Serikali ya Amin ilitangaza kuwa waliomteka ni waasi. Mwili wake haukurudishwa kwa watu wake. Bataringaya naye aliuawa mwezi ule, na Oktoba akatoweka Bwana Frank Kalimuzo, Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Majaji waliobaki waliendelea kuvaa majoho na kuhukumu kesi za madeni na wizi wa ng'ombe, na nani angewataka zaidi ya hapo? Amin alikaa mpaka Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 na jeshi letu pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, baada ya vita aliyoianza mwenyewe alipoivamia Kagera mwaka 1978.

Katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haki ile ya kufikishwa mbele ya jaji iliandikwa kuwa haisimamishwi kwa hali yoyote, na uhuru wa Mahakama ukapewa ulinzi wa maneno mengi kuliko zamani. Hata hivyo, tarehe 16 Novemba 2005, watu wenye silaha waliovaa nguo nyeusi walilizingira jengo la Mahakama Kuu ya Kampala ili washitakiwa waliopewa dhamana wasitoke. Tarehe 1 Machi 2007 walinzi wa Serikali waliingia tena uwanjani mwake kwa kazi ile ile. Mara hii majaji wa Uganda hawakuendelea na kesi za madeni. Waliweka kalamu chini kwa juma moja, mawakili wakasimama pamoja nao, mpaka Serikali ilipoeleza masikitiko yake na kutoa ahadi kwamba jambo hilo halitarudiwa. Kisha wakarudi kazini. Siku hizi Mahakama ya Uganda humkumbuka Kiwanuka kila mwaka, mwezi wa Septemba, kwa mhadhara wa hadhara. Kaburi lake halijulikani lilipo.